Mtwa Mkwawa na Hatari ya Mazoea

Mwalimu apangiwaye kufundisha Idodi, katika Wilaya ya Iringa, hawezi kulikwepa jina la Mkwawa. Mlambalasi, lilipo kaburi lake, pako upande huo huo wa magharibi ya mji wa Iringa, na watoto hulisikia jina hilo nyumbani kabla ya kulisoma kitabuni. Hata hivyo, mara nyingi somo lake huwa ni kukaririsha miaka mitatu tu: 1891, 1894 na 1898. Twapenda kuyasimulia maisha hayo kwa namna nyingine, kwani ndani yake mna fundisho lituhusulo sisi walimu, kwamba desturi iliyofaa jana yaweza kumponza aishikaye leo.

Mkwawa alikuwa mwana wa Munyigumba, mtawala aliyeziunganisha koo za Uhehe kuwa dola moja. Baba yake alipofariki, karibu na mwaka 1879, Mkwawa alilazimika kupigania urithi wake kabla ya kuimarisha utawala. Makao yake yalikuwa Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Hapo aliujenga ukuta mkubwa wa mawe na udongo. Katika vita vya siku zile, vya mikuki na magobori, ukuta wa namna hiyo ulikuwa kinga ya kweli.

Wa kwanza kuponzwa na mazoea hakuwa Mkwawa, bali adui yake. Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo, alikuwa amezoea vita vya pwani, ambako bunduki za Wajerumani zilitia hofu upesi. Akaingia Uhehe kwa mwendo ule ule: msafara mrefu uliofuatana mmoja mmoja, na silaha kubwa zikiwa zimefungwa juu ya punda. Tarehe 17 Agosti, 1891, huko Lugalo, Wahehe waliokuwa wamejificha waliushambulia kwa ghafla. Kwa dakika chache Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake waliangamia.

Ushindi ule ulitokana na kujificha, wepesi na kumkaribia adui. Lakini Wajerumani waliporudi mwaka 1894, wakiongozwa na Gavana von Schele, nguvu za Uhehe zilikuwa zimetegemezwa kwenye ukuta wa Kalenga. Mizinga iliupiga kutoka mbali, mahali ambapo mkuki haufiki. Tarehe 30 Oktoba boma lilitekwa. Ukuta haukuwa umepungua unene. Silaha ndizo zilizobadilika.

Mkwawa aliponyoka, na hapo ndipo ukubwa wake unapoonekana zaidi. Aliiacha njia iliyoshindwa. Kwa karibu miaka minne alipigana kwa vikundi vidogo, akihamahama misituni na milimani, huku raia wakimficha. Wajerumani walichoma mashamba na vijiji, wakatangaza zawadi kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai, 1898, akiwa amezingirwa, alijipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likarejeshwa Kalenga mwaka 1954.

Hatari hii haimo vitani peke yake. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, wakitumaini kwamba mitambo mikubwa ingetosha. Udongo uliokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua ikawa haba, na mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Nasi walimu tunazo kuta zetu. Tuchukue desturi ya darasa zima kuitika kwa pamoja. Haikuanza kwa upumbavu: vitabu vilikuwa haba, na watoto wengi mbele ya mwalimu mmoja. Ilisaidia, na bado yasaidia katika kufunza matamshi au wimbo. Lakini mwalimu auitikiapo mwitikio huo kama ushahidi kwamba wote wameelewa, husikia sauti za wenye nguvu tu. Mtoto asiyejua hufungua kinywa pamoja na wenzake, na ujinga wake hufichwa na kelele. Atagunduliwa katika mtihani, wakati msaada umekwisha chelewa.

Kwa hiyo somo la Mkwawa na lifundishwe kwa kufikirisha. Mwalimu achore ubaoni ukuta, mto na vilima. Awaulize wanafunzi, kabla ya kuwaambia matokeo, wangewaweka wapi wapiganaji wao na kwa nini. Kila mmoja aandike jibu lake kwanza, ndipo wajadiliane kwa vikundi. Kisha walinganishe Lugalo na Kalenga: ni kitu gani kilichokuwa kimebadilika?

Swali hilo hilo mwalimu ajiulize kila muhula juu ya njia zake mwenyewe. Desturi haina budi kuulizwa sababu iliyoizaa. Sababu ikiwapo bado, tuidumishe. Ikiwa imekwisha, tuwe na moyo wa kutoka nje ya ukuta kabla haujatuangukia pamoja na watoto tuliokabidhiwa.