Abdurrahman Assufi na Doa la Wingu

Abul-Husein Abdurrahman bin Umar Assufi alizaliwa Rayy, katika nchi ya Uajemi, mwaka 291 wa Hijra (903 wa Kizungu). Aliitumikia elimu ya nyota katika daula ya Adhud-daula, mfalme wa Bani Buwaihi, aliyejifakhiri kuwa ni mwanafunzi wake. Elimu hii tusiichanganye na ile falaki ya mitaani mwetu, ya mtu kupigiwa nyota yake kwa jina la mamaye apate kujua siku ya kusafiri. Kitabu alichokitunga Assufi yapata mwaka 964 hakimbashirii mtu riziki wala ndoa. Chaeleza nyota i wapi, na nuru yake ina kadiri gani.

Wengi kabla yake walinakili tu maneno ya Batlimusi, Myunani, au walitegemea tufe zilizochorwa na mafundi wasiozijua nyota zenyewe. Yeye alitazama mbingu. Aliyapitia makundi yote 48, akaikadiria nuru ya kila nyota kwa jicho lake, na alipomwona Batlimusi amekosea alisema. Mahali pa nyota, kwa haki, hakupapima upya: alizichukua hesabu za yule Myunani, akazizidisha daraja 12 na dakika 42 kwa ajili ya mwendo wa karne zilizopita.

Karibu na kundi la Mwanamke Aliyefungwa Minyororo, Waarabu walikuwa wakiona Samaki mkubwa. Mbele ya mdomo wa samaki huyo Assufi alitia vitone, akaandika kuwa pana doa mfano wa wingu. Hakuwa na darubini. Chombo hicho kilidhihiri Ulaya yapata mwaka 1608. Wala hakudai kuwa ndiye wa kwanza kuliona. Aliona kitu kisichofanana na nyota, akakiandika vivyo hivyo, na hatujui maandishi ya kale zaidi yanayolitaja.

Alifariki mwaka 376 (986), Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 1612 Simon Marius, Mjerumani, alilielekezea darubini, asiione nyota hata moja ndani yake. Ilikuwa mwaka 1923 ndipo Edwin Hubble, huko Mount Wilson, Marekani, kwa darubini ya kioo cha inchi 100, alipopata humo nyota ambayo nuru yake huzidi na kupungua kwa muda maalumu. Kwa nyota za namna hiyo umbali huhesabika, na hesabu ikaonyesha kuwa doa lile ni jamii kubwa ya nyota, mbali na jamii hii yetu. Umbali wake hukadiriwa leo kuwa miaka ya nuru milioni 2.5. Mwezi wa Novemba, baada ya Isha, usiku usio na mbalamwezi, mwenye kujitenga na taa za mji huliona upande wa kaskazini kwa jicho tupu, kama Assufi alivyoliona.