Schwarzkopf: Fundi aliyewapindua abiria kichwa chini bila madhara

Anton Schwarzkopf, mbunifu mashuhuri wa treni za burudani zinazopanda vilima vya reli na kuporomoka kwa kasi, alizaliwa Julai 8, 1924, Bavaria, Ujerumani. Treni yake ya kwanza ya chuma aliikamilisha mwaka 1957.

Kikwazo kilichowashinda watangulizi wake kilikuwa kitanzi cha reli. Mwaka 1895, huko Coney Island, New York, kilijengwa kitanzi cha duara kamili. Abiria wakaumia shingo kutokana na mkandamizo wa ghafla. Schwarzkopf, akishirikiana na mhandisi Werner Stengel, aliunda kitanzi chenye umbo la tone la maji, kipana chini na chembamba juu, hivyo mkandamizo ukapungua. Treni hiyo, Revolution, ilizinduliwa Mei 1976 katika bustani ya Magic Mountain, California, Marekani.

Umahiri huo haukumnusuru kibiashara, kwani mwaka 1983 kampuni yake ilifilisika. Hata hivyo, hakuiacha fani. Mwaka 1989 Olympia Looping, yenye vitanzi vitano, ilitia fora katika tamasha la Oktoberfest, Munich.

Alifariki dunia Julai 30, 2001, akiwa na umri wa miaka 77. Umbo la tone lingali likifuatwa na wabunifu hadi leo.