Hayakuwa Macho ya Paka

Leo namkumbuka marehemu John Cunningham, mwanahewa wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 2002. Katika Vita Vikuu vya Pili aliangusha ndege 20 za adui, na 19 kati ya hizo aliziangusha usiku.

Magazeti ya kwao yalimpa jina la Macho ya Paka. Watu wakaambiwa kwamba yuaona gizani kwa sababu ya kula karoti nyingi. Kumbe ilikuwa hila ya vita! Siri yenyewe ilikuwa rada iliyofungwa katika ndege yake aina ya Beaufighter, nayo serikali haikutaka Wajerumani waijue.

Lakini siri hiyo, naona mimi, ilimfunika na mtu. Ushindi mwingi Cunningham aliupata akiwa na mwenzake, Jimmy Rawnsley. Huyo ndiye aliyeinamia kioo cha rada, akimwambia apinde wapi, apunguze mwendo au apande, mpaka kivuli cha adui kikaonekana mbele.

Sisi wa pwani twajua: nahodha ndiye mkubwa wa chombo, bali rubani ndiye ajuaye miamba. Kwa maana hiyo ya kale, rubani alikuwa Rawnsley.

Wote wawili walinusurika. Mwaka 1949 Cunningham aliirusha kwa mara ya kwanza Comet, ndege ya kwanza ya abiria ya jeti. Nasi Afrika Mashariki tukaja kuzipanda Comet. Basi, tukimsifu nahodha, na rubani tumtaje.