Jane Addams na Mlango wa Mtaa wa Halsted

Wenzetu wanaosoma ustawi wa jamii hulitaja jina la Jane Addams kwenye aya ya kwanza ya insha, halafu basi, wanakimbilia nadharia. Mimi pia nilikuwa hivyohivyo, mpaka nilipokutana na kisa cha pete.

Jane alizaliwa mwaka 1860 katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois, Marekani. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 2 tu. Baba alikuwa na kinu cha nafaka na kiti katika seneti ya jimbo, kwa hiyo njaa hawakuijua. Mgongo ulimsumbua tangu utotoni. Alimaliza chuo cha wasichana cha Rockford mwaka 1881, baba yake akafa mwaka huohuo. Akaanza kusomea udaktari, afya ikamgomea. Ikafuata miaka kadhaa ya kukaa tu: elimu ipo, pesa ipo, cha kufanya hakionekani. (Hapo wengi tunajiona, ukiondoa pesa.)

Mwaka 1888 alitembelea Toynbee Hall, London, ambako vijana waliotoka chuo kikuu walihamia na kuishi katikati ya maskini. Wazo likamkaa. Septemba 1889, yeye na Ellen Gates Starr, rafiki yake wa Rockford, wakahamia nyumba kuukuu ya marehemu Charles Hull, mtaa wa Halsted, Chicago. Majirani walikuwa wahamiaji: Waitalia, Wagiriki, Wajerumani, Wayahudi kutoka Urusi na Poland.

Mabinti hawa walikuja na picha za sanaa na vitabu vya kuwasomea watu. Majirani wao wakaleta vichanga vya kuoshwa, wagonjwa wa kuuguzwa, hata maiti za kuandaliwa kwa mazishi. Na siku moja akaingia bi harusi wa Kiitalia wa miaka 15. Alikuwa amepoteza pete ya ndoa. Kwa kosa hilo mume alikuwa amempiga kila jioni, wiki nzima, kila akirudi kazini.

Hebu fikiria angekwenda wapi. Kwao ni ng'ambo ya bahari. Hakuna shangazi wa kumkimbilia, hakuna wazee wa kumwita yule bwana kikaoni. Sheria nayo ilikuwa na yake: hadi mwaka 1922, uraia wa mke nchini Marekani kwa kawaida ulifuata wa mume. Kilichobaki ni mlango wa jirani, nao ulikuwa wazi.

Lakini Jane hakuwa malaika. Katika majira ya baridi kali ya mdororo wa uchumi, baada ya maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893, alikuja karani mmoja kuomba msaada wa familia yake. Kanuni ilisema wazi: kazi ya kuchimba mfereji ipo, aende huko kwanza. Karani akaeleza kwamba siku zote amefanya kazi ndani, baridi ya nje hataiweza. Jane akashikilia kanuni. Yule baba akachimba siku mbili, akapata nimonia, wiki moja baadaye akafa na kuacha watoto wawili wadogo. Tunajua haya kwa sababu Jane mwenyewe aliyaandika, na watoto wale hakuwapoteza tena machoni. Nadhani ungamo hilo ni zito kuliko tuzo zake zote.

Tuzo zilikuja, ndiyo. Yeye na wenzake walipigania mahakama ya watoto iliyoanzishwa Chicago mwaka 1899, na chama cha kuwalinda wahamiaji cha mwaka 1908. Alipinga vita ya 1914 mpaka magazeti yakamgeuka. Nobeli ya Amani akaipata mwaka 1931.

Mimi nabaki na mwaka 1913. Ulizuka uvumi kwamba Hull House kumefichwa mtoto wa shetani, ana kwato na mkia. Waitalia walisema baba yake alichana picha takatifu akidai ni heri shetani aingie nyumbani. Wayahudi walisema baba alikuwa na mabinti sita, akaapa ni heri shetani kuliko wa saba. Kwa wiki sita watu walimiminika, wengine wako tayari kulipa kiingilio! Wenyeji walichoka kukanusha. Jane akakaa na wale bibi vizee. Kumbe wakishaambiwa mtoto hayupo, hawaondoki: wanaanza kusimulia vipigo vya waume, wana waliowageuka, watoto waliozikwa. Mambo ya miaka 30 au 40, hayajawahi kusemwa. Akatambua kwamba kwa wanawake hao kisa kile cha kutisha kilikuwa fimbo pekee waliyonayo ya kuwatia adabu wanaume wa nyumbani.

Alifariki Mei 1935, ibada ikafanyika uani pale Hull House. Miaka ya 1960 mtaa ule ulibomolewa kupisha ujenzi wa chuo kikuu, na majirani wakatawanyika. Nyumba ya mzee Hull ikaachwa. Sasa ni makumbusho, na wanafunzi huipita wakienda darasani.