Marehemu Dkt. Krapf, Mkusanya Maneno

Napenda kuwasimulia kwa kifupi maisha ya Johann Ludwig Krapf, mhubiri wa Kiprotestanti aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1810 na kuishi miaka 71.

Alianza kazi yake Uhabeshi mwaka 1837, kisha akafika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule homa iliwaua mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Wengi wangalirudi kwao. Yeye alibaki, na mwaka 1846 akaanzisha misheni Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Alisafiri mpaka Usambara kwa Mfalme Kimweri, tena Ukambani, ambako mwaka 1849 aliuona Mlima Kenya wenye theluji. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya hawakumsadiki.

Waliomfuata katika dini walikuwa wachache sana, lakini kila alikokwenda aliandika maneno ya watu. Kadhi mmoja wa Mombasa alimsaidia kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1853 maradhi yalimrudisha kwao, wala hakuiacha kazi hiyo. Alifariki mwezi wa Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1882, hakujaliwa kuiona.

Mimi naona sifa hii si yake peke yake. Maneno yale alipewa na wenyeji, na wengi wao hatuwajui hata kwa majina. Basi, ndugu zangu, tunapofungua kamusi tumkumbuke aliyeandika, na tuwakumbuke waliosema.