Alec Reeves, mhandisi aliyefundisha simu kuvumilia makosa

Mkaaji wa Kasongo anapompigia simu ndugu yake aliye Kabambare, sauti yake haisafiri kama sauti. Simu huipima mara 8,000 kila sekunde, kila kipimo kikapewa namba. Namba ndizo zinazopita angani na kugeuzwa tena kuwa sauti upande wa pili. Mpango huo wa kuifanya sauti ya simu kuwa namba ulibuniwa mwaka 1937 na Mwingereza mmoja aliyekuwa akifanya kazi Paris: Alec Harley Reeves.

Reeves alizaliwa tarehe 10 mwezi wa tatu 1902 huko Redhill, kusini mwa London. Alisomea uhandisi London, na mwaka 1923 akaingia kazini katika kampuni ya International Western Electric. Akiwa huko alikuwa miongoni mwa wahandisi walioshughulikia simu ya redio ya kuvuka bahari ya Atlantiki kati ya Uingereza na Marekani. Baadaye alihamishiwa Ufaransa, kwenye maabara ya kampuni ya ITT mjini Paris.

Tatizo lililomsumbua lilikuwa kelele. Sauti ikisafiri mbali hupungua nguvu, kwa hiyo njiani huwekwa mashini za kuikuza. Lakini mashini hizo hukuza kelele pamoja na sauti. Zikipita kumi au ishirini, kelele inajumlishwa juu ya kelele, na mwishowe msikilizaji haelewi neno. Wahandisi wengi walijaribu kuizuia kelele isiingie. Reeves alikubali kwamba itaingia tu, akatafuta namna ya kuifanya isiharibu ujumbe.

Wazee wa Maniema walikuwa na jibu la namna hiyo hiyo. Ujumbe wa ngoma ya mti ulipotoka kijiji kimoja kwenda kingine, mpiga ngoma wa kijiji cha pili hakuukuza mwangwi aliousikia. Alisikiliza, akaelewa neno, kisha akalipiga upya kwa nguvu zake mwenyewe. Upepo na mvua vya njia ya kwanza havikuendelea kwenye njia ya pili. Ngoma ilikuwa na sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na mwenye kusikia alitakiwa kuamua ni ipi kati ya hizo mbili.

Telegrafu nayo ilifuata kanuni hiyo: ama umeme upo, ama haupo. Mwaka 1898 utawala wa Mfalme Leopold II ulimtuma Mmarekani Richard Dorsey Mohun aongoze msafara wa kuvuta waya wa telegrafu kutoka Ziwa Tanganyika kuelekea Maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo. Waya wa namna hiyo ulipeleka alama za herufi, haukupeleka sauti ya mtu. Reeves aliona kwamba hata sauti inaweza kupelekwa hivyo, ikiwa kwanza itageuzwa kuwa namba.

Katika hati ya uvumbuzi aliyoiandikisha Ufaransa mwaka 1938, alieleza kigeuzi cha kufanya kazi hiyo. Kilipima sauti kwa ngazi 32, na kila ngazi iliandikwa kwa alama tano za ndiyo au hapana. Kipimo kilichoangukia kati ya ngazi mbili kilisogezwa kwenye ngazi iliyo karibu. Hapo kosa dogo lilikubaliwa kwa makusudi, ili makosa makubwa ya njiani yaweze kufutwa.

Lakini kazi hiyo ilihitaji taa nyingi za kioo, kama zile za redio za zamani. Zilikuwa ghali, zilipata moto na kuungua haraka. Uvumbuzi ukabaki kwenye karatasi.

Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yalipokaribia Paris, Reeves alikimbia na kurudi Uingereza. Huko, pamoja na Frank Jones, alitengeneza Oboe, mtambo wa redio wa kuongoza ndege za vita. Vituo viwili vya nchi kavu vilipima umbali wa ndege na kuijulisha wakati wa kuangusha bomu. Ulianza kutumika mwezi wa kumi na mbili 1942. Wanaosimulia maisha yake husema hakupenda vita, na kwamba alikubali kazi hiyo akitumaini kuwa shabaha nzuri ingepunguza vifo vya raia. Hata hivyo Oboe ndiyo iliyoonyesha njia kwa mashambulizi makubwa juu ya miji ya viwanda ya Ruhr, ambako raia wengi walikufa.

Baada ya vita, wahandisi wa Bell huko Marekani waliuchukua mpango wake wa namba wakitafuta mwendo wa kasi. Mwaka 1948 walieleza kigeuzi kinachotoa namba 96,000 kwa sekunde, zinazotosha sauti 12 kwa pamoja. Kasi hiyo ilileta kosa jipya. Katika hesabu ya alama tano, 15 huandikwa 01111 na 16 huandikwa 10000. Kigeuzi kikisoma wakati alama zote tano ziko katikati ya kubadilika, kinaweza kutoa 11111, yaani 31. Frank Gray wa Bell alipanga namba upya, ili kutoka ngazi moja hadi inayofuata ibadilike alama moja tu. Kigeuzi kikikosea mpakani, kinakosea ngazi moja, hakiruki hadi mwisho.

Vigeuzi vingi vya kasi vya leo vinapima kwa hatua, na kila hatua huachiwa nafasi ya ziada ili hatua inayofuata irekebishe kosa la iliyotangulia. Wapiga ngoma nao walirefusha neno moja kuwa maneno mengi, ili sehemu ikipotea, maana ibaki.

Transista zilishusha bei, na mwaka 1962 Bell ilianza kutumia mpango wa namba katika rezo ya simu, sauti 24 kwenye jozi mbili za waya. Muda wa hati za Reeves ulikuwa umekwisha. Yeye aliendelea na utafiti huko Harlow, Uingereza, akihimiza matumizi ya mwanga katika mawasiliano. Katika maabara hiyo hiyo, mwaka 1966, Charles Kao na George Hockham walionyesha kwamba uzi wa kioo unaweza kubeba simu.

Mwaka 1969 Uingereza ilimpa nishani ya CBE, na posta ikatoa stempu ya kukumbuka mpango wake. Alifariki tarehe 13 mwezi wa kumi 1971.

Urithi wake una mpaka. Kelele kidogo hufutwa kabisa, lakini namba zikipotea nyingi mno, sauti hukatika ghafla badala ya kufifia. Ndiyo sababu katika sehemu nyingi za Kabambare na Kasongo ambako minara iko mbali, mtu humsikia ndugu yake vizuri kabisa, kisha hasikii kitu.