Mikono Yangu Ni Safi?

Jumapili hii tumkumbuke daktari Ignaz Semmelweis, aliyezaliwa mwaka 1818 mjini Buda, Hungaria. Mwaka 1846 alianza kazi katika hospitali kuu ya Vienna, Austria. Kulikuwa na wodi mbili za wazazi: moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Akina mama wengi zaidi walikufa kwa homa ya uzazi katika ile ya madaktari, hata wengine walilia wakiomba wasilazwe humo.

Mwaka 1847 daktari rafiki yake alijeruhiwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akaugua kama wale wazazi, akafa. Ndipo Semmelweis akatambua: madaktari walitoka kwenye maiti, wakaenda kuzalisha. Wao ndio waliobeba mauti mikononi. Mwezi Mei akaagiza kila mmoja anawe kwa maji ya klorini. Aprili walikufa wazazi 18 hivi katika kila 100. Juni walikufa 2 tu.

Utadhani wote walishangilia. La! Wengi walikasirika kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Semmelweis alikiri kwamba hata yake ilikuwa miongoni mwa hiyo, wenzake hawakuweza. Alifariki mwaka 1865, akiwa na miaka 47, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa kidonda kilichooza. Ukweli wake ulikubaliwa baadaye.

Ndugu yangu, sisi tuna dawa za kuua bakteria ambazo yeye hakuwa nazo. Lakini tunazinywa bila kupimwa, tunakatiza dozi tukipata nafuu, na bakteria wanaosalia wanaweza kuwa sugu. Dawa inaweza kushindwa kumuua bakteria sugu. Sabuni na maji tiririka humwondoa mkononi kama mwingine yeyote, kabla hajamfikia mtu.

Leo baada ya ibada tutapeana mikono. Wengine tutakwenda kumwona mzazi, na kila mmoja atataka kumpakata mtoto. Je, utaomba maji kwanza, au utaona haya? Na mwenye nyumba akikuletea maji na sabuni, utachukia?

Zaburi ya 24 inataja mikono na moyo pamoja. Si ajabu: kunawa huanza pale mtu anapokubali kwamba huenda uchafu uko kwake. Bwana atupe unyenyekevu huo.